Mama Mkwe wa Nyumba ya Nyuma

Kaveke alikuwa ameshafika langoni, kiondo mgongoni na kamba yake imekaza kwenye paji la uso, wakati bintiye Nthambi alipotoka mbio na ndara za bafuni, mkono mmoja umeshika chupa ya dawa ya macho, mwingine umeshika leso isianguke mbele ya majirani.

"Mwaitu! Mwaitu, ngoja!"

Mama hakungoja. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafanyiwa operesheni, likawa linaona dunia mpya nyuma ya miwani nyeusi ya hospitali. La kulia bado lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari wa Kajiado alikuwa amesema wazi: lisipofanywa mwezi huu, basi tena. Lakini mtu akikasirika, hata jicho moja linamtosha kuona njia ya kwenda nyumbani kwake Mashuuru.

"Yeiyo, takwenya," Koinet, soja wa lango, akasalimia.

"Iko."

Koinet akainamisha kichwa, kama alivyolelewa, akaguswa utosini. Kisha akasimama wima mbele ya lango na hakulifungua.

"Fungua, mwanangu. Gari la Mashuuru halingoji mtu."

"Shosho, kwa huo mzigo kuna nini?"

"Kuna nguo zangu. Unataka kuzivaa?"

"Si mimi, ni sheria. Mfanyakazi akitoka na mzigo, mdosi wake lazima akuje hapa mwenyewe aseme ni sawa."

"Mfanyakazi gani?"

Koinet akaona haya. Akaonyesha kwa kidevu kadi iliyokuwa ikining'inia kifuani pa Kaveke kwa uzi wa buluu. "Si hiyo kadi yako, shosho. Nyumba kumi na nne. Ya SQ."

Nthambi, ambaye alikuwa amefika akihema, alitamani ardhi ya Kitengela, ile nyeusi inayopasuka wakati wa kiangazi, ipasuke immeze na ndara zake. Maana kadi ile ni yeye aliyemvika mama yake. Siku ile alipofika, Kaveke akiwa haoni mbele wala nyuma, alidhani ni ya hospitali. Nthambi hakumwambia ni ya hospitali. Hakumwambia si ya hospitali vilevile. Alinyamaza tu, na mambo yakaenda, hadi jana msichana wa kazi wa jirani, anaitwa Mumbi, alipomkuta Kaveke akianika leso yake huko nyuma akamwuliza, kwa roho safi kabisa, "Shosho, na wewe hapo wanakulipa ngapi?"

Hapo ndipo safari ilipoanza.

Ilibidi mwenye nyumba aitwe. Njogu akaja, shati limefungwa vifungo visivyolingana. Lakini alipomwona mama mkwe wake amesimama langoni, alikata kona, akaenda kusimama nyuma ya ua wa kayaba. Kaveke naye akavuta leso juu ya uso. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni ovyo, wala hawalali chini ya paa moja. Wakamba huiita nthoni, Wakikuyu huiita thoni, na hapo wala hawahitaji mkalimani. Ndiyo sababu Kaveke aliwekwa SQ, kile chumba cha mfanyakazi kinachojengwa nyuma ya nyumba, ambacho wazee bado wanakiita boi. Katika boma zima la Njogu, paa lingine lilikuwa hilo tu. Alikipaka rangi, akanunua kitanda kipya, akaona amempa mama mkwe heshima yote aliyo nayo.

"Koinet," Njogu akasema kutoka kwenye miiba, "mwambie mama namwomba msamaha."

"Shosho, anasema anaomba msamaha."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie nimeshukuru kitanda. Mwambie pia baba yangu alivaa kipande cha mkoloni, kile kitambulisho cha kazi, shingoni kwa mzungu wa mkonge huko Thika, akafa akisema mtoto wake hatavaa. Mimi nimevaa kwa mkwe wangu, na kwa uzi wa buluu."

Koinet akaigeukia kayaba. "Mdosi, hii nayo ni ndefu. Umeisikia?"

"Nimeisikia."

Wakati huo Sandra, mwenyekiti wa estate, alikuwa anarudi kutoka matembezi yake ya asubuhi, viatu vyeupe vya mazoezi na chupa ya maji ya kufungwa mkononi. Wengi walimwita Madam Chair, na aliyemwita Mama Roy alijibiwa polepole. Aliangalia kiondo, akaangalia kayaba inayozungumza.

"Kuna shida hapa?"

"Hakuna mfanyakazi hapa, Madam," Njogu akasema. "Huyu ni mama ya Nthambi."

"Basi kwa nini analala SQ? Baba Nduta, sheria unazijua. SQ ni ya wafanyakazi, wafanyakazi wana kadi na wanapitia geti ya nyuma. Wageni wanalala kwa nyumba. Dorset Park si ploti, watu kujazana kila mahali na jiko za makaa. Mwingizeni mama kwa nyumba. Si muko na vyumba?"

Koinet akaangalia viatu vyake. Kaveke akaikaza leso. Ungedhani Sandra amewaambia wavue nguo.

"Hiyo haiwezekani," Nthambi akasema.

"Kwa nini?"

"Mama Roy, wewe ni mtu mzima. Unajua kwa nini."

Sandra alifungua chupa yake ya maji, akaifunga bila kunywa. "Mimi sikuandika sheria," akasema. "Nilizikuta." Akaenda zake, viatu vikilia kwenye kokoto.

Gari la Mashuuru lilisikika likipiga honi kule barabarani, likapita.

*

Kaveke hakurudi ndani ya kile chumba. Alikaa uani juu ya beseni iliyopinduliwa, kiondo katikati ya miguu kama abiria wa stesheni, akakubali matone ya dawa kwa sababu dawa haina makosa.

"Kesho liko gari lingine," akasema.

"Na jicho?"

"Jicho moja lilimtosha nyanya yako kulea watoto tisa."

"Mwaitu, nisamehe. Ningekuambia."

"Wewe unajua mimi nilijua hii nyumba siku ya kwanza?" Kaveke alinyoosha mikono yote miwili pembeni. "Niliingia nikafanya hivi. Nikagusa ukuta huu na ukuta huu. Nikasema, eh! Kumbe hizi bado zinajengwa? Baba yako alilala kwa moja kama hii huko Lavington, akipikia mzungu, halafu akapikia Mwafrika aliyenunua kwa mzungu. Mimi nikija kumwona, jioni natolewa. Nikikataa kutoka, naingia chini ya kitanda, memsahibu akipita na tochi. Wewe mwenyewe ulipatikana hivyo, usijione umetoka mbali."

Nthambi akacheka bila kutaka. "Sasa mbona hukusema kitu, tangu ufike?"

"Ningesema nini? Nilidhani mmenijengea mimi. Nikasema, mkwe wangu ni mtu, amejengea mama mkwe nyumba yake. Ni ndogo, lakini ndogo ya mama mkwe ni sawa." Akapangusa chozi lililochanganyika na dawa. "Ya boi, hata ikiwa na ghorofa, si sawa."

Nthambi aliingia jikoni na maneno hayo yakimchoma. Mumewe alikuwa amesimama karibu na friji, akila mkate mkavu kama mtu aliyefichwa.

"Tumpeleke gesti," Njogu akasema.

"Gesti gani? Zote ziko juu ya baa. Na nani atamtia dawa kila asubuhi? Wewe?"

"Kwa kina Wamaitha wa kanisa, je?"

"Wamaitha ana bwana. Atalala kwa bwana ya watu na kwa mkwe wake hawezi? Watu watasema tumemfukuza."

"Mimi nifanye nini, Mama Nduta? Kwa nyumba hawezi. Kwa SQ hataki. Nyumbani akienda, jicho linakufa. Niambie nifanye nini."

"Basi lala wewe huko SQ."

Aliisema tu, kama mtu anavyotupa kijiko ndani ya sinki. Njogu alicheka. Alitafuna mkate. Halafu akaacha kucheka, maana alikuwa ameipitisha sheria nzima kichwani na haikuwa na mahali imevunjika. Yeye paa lake, mama mkwe paa lake. Nani alisema ni lazima mwanaume awe kwenye lile kubwa?

"Chumba cha Nduta kiko wazi mpaka shule zifunge," akasema polepole.

"Baba Nduta, nilikuwa nafanya mzaha."

"Mimi sifanyi."

*

Njogu alihama mchana kweupe, godoro kichwani, kupitia mlango wa mbele kwa sababu lilikuwa pana mno kupita ule wa jikoni. Majirani waliona. Kabla hajalitandika, Koinet alishafika na kadi.

"Mdosi, nisamehe. Sheria ni ile ile. Anayelala SQ anavaa."

"Leta."

"Na mwajiri niandike nani?"

"Andika Mama Nduta."

"Sawa. Na kuanzia sasa ni geti ya nyuma." Koinet alijikaza asicheke, akashindwa, wakacheka wote wawili wameshikana mabega.

Kicheko kiliisha haraka. Njogu alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, ofisi yake juu ya duka la misumari hapo mjini Kitengela. Dorset Park ilitoka mkononi mwake. Dorset yenyewe hakuna mtu aliyewahi kuiona, na hakuna aliyeuliza iko wapi, ila jina lilikuwa linauza. Aliyemfundisha kazi alikuwa amenakili michoro ya mzee mwingine, na mzee yule alikuwa amenakili ya ofisi ya wazungu aliyokuwa akifagia. Kwa hivyo kila nyumba ya Dorset Park ilikuwa na mahali pa kuota moto sebuleni, bila bomba la kutoa moshi, na kila nyumba ilikuwa na boi nyuma: mlango unaotazama ukuta, dirisha karibu na dari ili aliye ndani asiione bustani wala wanaokunywa chai humo, na choo cha kuchuchumaa ambacho bomba la kuogea liko juu yake. Nyuma ya boi kikapita kichochoro, kwa kuwa zamani, upande wa wazungu Nairobi, vichochoro kama hivyo vilikuwa vya wazoa ndoo za choo. Hapa Kitengela kila choo kina tangi lake chini ya ardhi, hakuna wa kuzoa ndoo, lakini kichochoro kilichorwa, kikajengwa.

Njogu alikuwa amechora vyumba kama kile mamia, na hakuwahi kuoga katika kimoja. Asubuhi yake ya kwanza mguu mmoja uliteleza ukaingia pasipoingizwa mguu, na maneno aliyotoa hayakuwa ya mshirika wa kanisa.

Alipotoka kwenda kazini kupitia kichochoroni, jirani yake Caro, mtu waliyekaa naye meza moja kwenye harusi, alimwona mgongo tu na uzi wa buluu shingoni.

"Wewe fundi! Ukimaliza huko kuja uniangalizie sinki."

Njogu aligeuka.

"Woi! Baba Nduta! Haki nilidhani..."

"Sinki ina nini?"

"Hapana, wacha tu."

"Caro, nimeshageuka. Sinki ina nini?"

Ndani ya nyumba kubwa, Kaveke alikuwa ametulia. Aliketi sebuleni siku nzima akitazama kwa jicho lake jipya vitu vya bintiye, na kila kimoja akauliza kazi yake. "Na hili shimo la ukutani?"

"Ni la moto, Mwaitu. La urembo."

"Moto wa urembo," Kaveke akasema, akakiri kuwa ameishi vya kutosha.

Chakula alikipakua yeye mwenyewe, sahani ya Njogu imejaa isyo ya mahindi na maharagwe, na nyama, mpaka ukingoni, akamtuma Nthambi. "Mpelekee. Na umwambie achukue na soksi, huko chini huwa kuna baridi. Mimi huko nakujua."

*

Jumapili baada ya kanisa kulikuwa na mkutano wa wakaazi, chini ya hema karibu na bembea za watoto. Nthambi alikwenda mapema akaketi nyuma, ana hofu, kwa sababu ajenda aliyoisikia ni moja: nyumba kumi na nne inaaibisha estate. Wakisema mama aondoke, Mwaitu hangengoja kuambiwa mara mbili, na kliniki ilikuwa Jumatano.

Njogu aliingia na kadi shingoni.

"Baba Nduta, toa hiyo kitu," Sandra akasema. "Tafadhali. Wafanyakazi hawaketi kwa mkutano."

"Basi nitasimama."

"Unatufanyia sarakasi."

"Sarakasi ni gani, Madam? Mama mkwe wangu hawezi kulala chini ya paa yangu. Niko na paa mbili. Sheria yenu inasema anayelala kwa paa ya nyuma ni mfanyakazi. Mimi nalala huko. Mimi ni mfanyakazi. Ni wapi nimekosea?"

Watu wakacheka kidogo, wakijificha. Mzee Mbugua wa nyumba namba mbili, aliyekuwa amelala au akijifanya, akafungua macho.

"Njogu ameongea," akasema. "Na mimi nimechoka kudanganya. Yule mama wangu wa dobi, mnamjua?"

"Yule wa kutoka Kimuka?" Caro akauliza. "Yule karibu ana miaka tisini?"

"Umewahi kumwona akifua?"

Caro akafikiria. "Hapana."

"Hafui. Ni mama mkwe wangu. Ana kadi ya dobi tangu mwaka juzi, na akiniona kichochoroni ananigeuzia mgongo kwa heshima kubwa sana."

Hema likalipuka. Katikati ya kicheko Musila wa nyumba ya kona akasimama, jasho likimtoka. "Wangu yuko na kadi ya mtunza bustani."

"Bustani gani, Musila? Wewe uko na matofali ya kabro kutoka mlango mpaka geti!"

"Ndiyo sababu hachoki."

Mkono mwingine ukainuka, na mwingine. Mmoja alikuwa na mpishi asiyeruhusiwa kukaribia jiko. Koinet, aliyekuwa amesimama kando kulinda usalama, hakuweza kujizuia. "Mimi nilikuwa najua," akasema. "Nilijiuliza mbona wafanyakazi wa hii estate wote wanaenda kliniki ya presha."

Sandra hakucheka. Aligonga meza mpaka wakanyamaza, kisha akaiweka chini ajenda yake.

"Mama yangu anatoka Namanga," akasema mwishowe, na sauti haikuwa ya Madam Chair. "Anakuja asubuhi, anakunywa chai, anarudi siku hiyo hiyo. Miaka yote nimekaa hapa. Nikimwambia alale, anasema kuku wake hawana mtu. Siku moja nikamtumia mtu wa kuangalia kuku. Akasema sasa ni mbuzi."

"Na SQ yako iko na nani, Mama Roy?" Nthambi akauliza kutoka nyuma, kwa upole.

"Iko na mashine ya kukimbia."

Hakuna aliyecheka. Sandra akapanguza pua. "Ambao wanataka hii sheria ya kadi iondoke kwa familia za wenye nyumba, na geti ziwe zote za watu wote, wainue mikono." Wakainua. Caro aliinua miwili.

Nthambi alikimbia nyumbani kama msichana. "Mwaitu! Imeisha! Hakuna kadi tena, hakuna geti ya nyuma. Unaweza kurudi chumba chako bila aibu."

Kaveke alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkono, miguu juu ya kibao.

"Wamebadilisha sheria?"

"Ndiyo."

"Na ukuta, wameusongesha?"

"Hapana, lakini..."

"Basi mkwe akae huko. Ameshazoea."

*

Jicho la pili lilifanywa Jumatano na likapona vizuri. Njogu alibaki SQ hadi mama mkwe alipomaliza dawa, akatoka na kikohozi. Kaveke, alipoanza kuona mbali, alimwangalia mkwe wake kupitia pazia akienda kazini, akamwambia Nthambi kuwa kwa sauti alikuwa amemdhania mrefu zaidi.

Koinet aliacha kazi ya lango, akaenda kuuza mbuzi sokoni. Mzee Mbugua alifariki mwaka uliofuata. Mama mkwe wake bado anaishi. Musila alivunja kabro akapanda sukuma wiki, na mama mkwe wake, yule mtunza bustani, anaipalilia kwelikweli. Mama yake Sandra alikuja kutoka Namanga, akalala SQ usiku mmoja, akalalamikia choo, na sasa huja kila mwezi. Sandra si mwenyekiti tena. Mwenyekiti ni Caro, naye ameleta sheria mpya kuhusu mbwa.

Njogu alimchorea mteja wa Isinya nyumba zenye chumba cha nyuma kikubwa, mlango wake unatazama mlango wa mbele. Mteja alirudisha mchoro akasema anataka SQ ya kawaida, kama za watu. Njogu akamchorea ya kawaida. Ana karo ya kulipa.

Kaveke alirudi Mashuuru na hajalala Kitengela tena. Mavuno yalipomwendea vizuri, alijenga nyumba ya mabati upande wa mbele wa boma, karibu na barabara, ina dirisha pande mbili na kitanda cha mbao ngumu. Hakuna anayeruhusiwa kuweka mahindi humo. Nthambi na mumewe wakienda, Njogu hulala humo peke yake, na asubuhi huletewa uji kabla ya mtu mwingine yeyote.